Kutoka gereza la Filipi mpaka pango la Patmo: shajara ya wanakwaya

JUMAMOSI, KAVALA

Tumefika jioni kwa basi kutoka Thesalonike, watu wamechoka na ndege lakini hakuna aliyetaka kwenda kulala, maana bahari iko hapo hapo na hii Kavala ndiyo Neapoli ya Matendo 16, bandari aliyoshukia Paulo na wenzake walipovuka kutoka Troa baada ya yale maono ya mtu wa Makedonia anayesema vuka uje utusaidie. Sisi ni wanakwaya pamoja na mchungaji wetu. Safari nzima tumeipanga kwa swali moja ambalo mwalimu wetu wa kwaya haachi kutuuliza: hawa watu wa Agano Jipya walikuwa wanaimba kwa sababu gani? Maana ukisoma vizuri utaona wanaimba sana wakati ambao mtu wa kawaida angekaa kimya. Basi tukasema twende wenyewe tupaone.

Nje ya kanisa la Mtakatifu Nikolao kuna picha kubwa ya mozaiki inayoonyesha Paulo akishuka kwenye mashua. Mchungaji akasoma mistari michache kwenye simu, tukaomba, tukaenda kulala.

JUMAPILI, FILIPI

Kutoka Kavala ni kama kilomita 15 tu. Magofu ya Filipi yameingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2016, na ni makubwa kuliko nilivyodhani, nguzo, misingi ya makanisa ya zamani, uwanja wa soko, na barabara ya Egnatia yenyewe bado ipo, mawe yake yamelainika na kuna sehemu unaona kabisa michirizi ya magurudumu ya magari ya farasi. Mji uliitwa kwa jina la mfalme Filipo wa Pili, baba yake Aleksanda Mkuu, huko 356 KK. Mwaka 42 KK Warumi walipigana wenyewe kwa wenyewe vita kubwa hapa, na baadae askari wastaafu wakapewa ardhi wakakaa, mji ukawa koloni la Roma. Yani watu wa hapa walikuwa wako Makedonia lakini wanajihesabu raia wa Roma, na walijivunia sana hilo.

Gereza. Pale juu kidogo ya barabara kuna kichumba cha mawe kimejengwa ubavuni mwa kilima, kidogo kweli, ndicho wanachosema alifungwa Paulo na Sila. Wataalamu wengi wanasema kilikuwa tangi la maji la Warumi na Wakristo wakaja kukifanya mahali pa kumbukumbu. Mimi halikunisumbua hilo hata kidogo. Tukio lilikuwa ndani ya mji huu, kama siyo kichumba hiki basi ni umbali wa sauti ya mtu anayeimba.

Tukakaa kwenye mawe tukasoma Matendo 16 taratibu na hapo ndipo nikaona mambo niliyokuwa nayapita tu kila siku. Wamepigwa kwa fimbo mbele ya watu, na vidonda havijaoshwa, maana mlinzi wa gereza anakuja kuviosha baadae kabisa, baada ya tetemeko. Miguu iko kwenye mkatale. Chumba cha ndani, giza. Usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu na wafungwa wengine wanawasikiliza. Alafu ndo tetemeko linakuja, milango inafunguka, vifungo vya wote vinalegea, na hapa mwalimu wa kwaya akatusimamisha akasema jamani angalieni, mlango umefunguka na hawajatoka! Paulo anapaza sauti gizani kumwambia mlinzi usijidhuru, sisi sote tupo hapa. Sasa kama walikuwa wanaimba ili mlango ufunguke, ulipofunguka si wangeondoka?

Hii imenikaa kichwani siku nzima. Maana siku hizi sifa tumezifanya ufunguo, tunaambiwa sifu upate, sifu mlango wako ufunguke, sifu adui yako aanguke, na ushuhuda tunaotoa ni wa vitu vilivyokwishapatikana. Sisemi ni dhambi kushukuru kwa ulichopewa, hapana, Zaburi zimejaa hayo. Ila wimbo wa Filipi ni mwingine kabisa. Wale walikuwa wanaimba kwa sababu ya kitu ambacho gereza haliwezi kukigusa wala kukiongeza, mlango ukifunguka ni sawa na ukibaki umefungwa ni sawa. Na ndiyo maana baadae, Paulo akiwa kifungoni tena, anawaandikia hawa hawa Wafilipi kwamba kwake kuishi ni Kristo na kufa ni faida, na kwamba wenyeji wetu, yani uraia wetu, uko mbinguni. Fikiria unasomewa sentensi hiyo ukiwa mtu wa Filipi, mtu wa koloni, unajua vizuri maana ya kukaa huku na jina lako kuandikwa kule.

Tuliimba pale kwa sauti ya chini, zile sauti nne zote. Wageni wengine waliokuwa wanapita wakasimama kusikiliza mpaka mwisho, baba mmoja akavua kofia.

JUMATATU, MTONI KWA LIDIA

Asubuhi fupi. Nje kidogo ya magofu kuna kijito kinaitwa Zigaktis, ndipo wanapokumbuka ubatizo wa Lidia, yule mfanyabiashara wa zambarau kutoka Thiatira. Wamejenga ngazi za mawe za kukalia pande mbili za maji, na pembeni kuna kanisa la ubatizo. Tuliingiza miguu, maji ya baridi, yanakwenda kasi. Mchungaji alisema jambo moja tu, kwamba ubatizo ni kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo, Warumi 6, kwa hiyo mkristo anaanza safari yake kwa maziko na sio kuimaliza. Kisha basi, tukarudi Thesalonike.

JUMANNE, THESALONIKE

Siku hii nataka niiandike vizuri.

Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike ni kati ya maandiko ya zamani kabisa ya Agano Jipya, uliandikwa kama mwaka 50 au 51, hata miaka 25 haijapita tangu Yesu asulubiwe. Na tayari swali la kanisa ni lile lile letu: ndugu zetu waliokufa, wako wapi, watakosa nini? Tumesoma sura ya 4 kwenye bustani karibu na hoteli kabla ya kutoka.

Kuna mama mmoja wa sauti ya pili kwenye kundi letu, amefiwa na mume wake mwaka jana. Ni mpole, haongei sana. Tulipomaliza kusoma akasema, "Mchungaji samahani, naomba niulize kitu kinanisumbua."

"Uliza tu mama."

"Siku ya kumzika baba watoto mimi niliimba. Niliimba kwa sauti kabisa. Dada yangu wa damu hajanisemesha vizuri mpaka leo, anasema kama ningekuwa nampenda nisingeweza kuimba. Na mimi usiku najiuliza, au ni kweli? Maana nilikuwa naimba na huku moyo umepasuka. Huo sio unafiki?"

Watu wote kimya. Mchungaji hakujibu haraka, na nampenda kwa hilo. Akarudi kwenye mstari wa 13, akasema, "Mama, soma tena hapa. Paulo hajasema msihuzunike akaweka nukta. Anasema msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Kwa hiyo huzuni ipo, anaijua, hajaikataza. Na Bwana mwenyewe kaburini kwa Lazaro alilia, na alikuwa anajua kabisa dakika chache baadae anamwita atoke. Kulia kwako kulikuwa kwa upendo, kuimba kwako kulikuwa kwa tumaini, na vyote viwili vilitoka kwenye moyo mmoja mama yangu. Unafiki ungekuwa kuacha kimoja ili watu wakuelewe."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakusema kitu tena mpaka mchana.

Mchana tukaenda Rotunda. Ni jengo la mviringo, kuta zake nene zaidi ya mita sita, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 4 wakati wa Kaisari Galerio. Huyu Galerio alikuwa mmoja wa watesaji wakali sana wa Wakristo, ingawa mwaka 311 akiwa mgonjwa karibu na kufa alitoa amri ya kuwaachia waabudu. Sasa ingia ndani uinue macho. Jengo lake lilikuja kugeuzwa kanisa, na juu kule kwenye kuba, kwenye mozaiki za dhahabu, wamesimama wafiadini, wanaume wazima, mavazi marefu, na kila mmoja ameinua mikono miwili, viganja wazi, wanasali na kusifu. Pembeni ya kila mmoja yameandikwa kwa Kigiriki jina lake, kazi yake na mwezi wa kumkumbuka. Aliyekuwa anatutembeza akatusomea: huyu askari, huyu askofu, huyu tabibu, huyu kasisi, na huyu, Filemoni, mpiga zumari.

Mpiga zumari! Wanakwaya wote tukasogea chini yake. Kwa kweli shingo iliuma lakini sikutaka kuondoka. Zumari hana, mikono yake iko juu kama ya wenzake. Nyuso zao zimetulia, macho makubwa yanatazama mbele, nyuma yao majumba ya dhahabu, mataa, mapazia, ni picha ya kule waliko sasa. Hakuna hata mmoja aliyechorwa akiuawa, hakuna upanga wala damu. Aliyeweka vile vijiwe kimoja kimoja alijua anachokiamini: kwamba kilichobaki cha watu hawa sio kifo chao, ni sifa zao.

Mama alisimama karibu na mimi, akasema taratibu, "Wameandikwa na kazi zao." Nikamwambia ndiyo mama. Akasema, "Mume wangu alikuwa fundi."

JUMATANO, ATHENE

Siku ya barabara, kama kilomita 500, tumefika mchana umeshaisha. Tukapanda Areopago jioni, ule mwamba chini ya Akropoli, mawe yanateleza sana, kuna ngazi za chuma afadhali upite hizo. Paulo alihutubu hapa, wakamsikiliza vizuri tu mpaka alipotaja ufufuo wa wafu, hapo wengine wakadhihaki, wengine wakasema tutakusikiliza tena siku nyingine. Wachache wakaamini, Dionisio, na mwanamke jina lake Damari. Mimi naona mpaka leo ni hapo hapo watu wanapokwama. Mafundisho ya upendo, maadili, amani, kila mtu anapiga makofi, ukisema kaburi lilikuwa tupu mazungumzo yanabadilika. Na bila kaburi tupu hakuna wimbo wa kuimba mazikoni.

ALHAMISI, KORINTHO

Kama kilomita 80 kutoka Athene, unapita juu ya ule mfereji mwembamba uliofunguliwa 1893. Korintho ya kale iko chini ya mlima Akrokorintho, na katikati ya magofu kuna jukwaa la mawe wanaliita bema, ndipo Paulo aliposimamishwa mbele ya liwali Galio, Matendo 18. Hili ni moja ya matukio ya Paulo yanayojulikana wakati wake vizuri, kwa sababu ya maandishi ya mawe yaliyopatikana Delfi yanayomtaja Galio, yanatupeleka kama 51 au 52.

Kwenye bema wameweka bamba la marumaru lenye maneno ya 2 Wakorintho 4:17. Mwalimu akatufungulia kwa Kiswahili tukasoma wote kwa pamoja, kwamba dhiki yetu nyepesi, ya kitambo tu, inatufanyia utukufu wa milele. Nyepesi! Mtu aliyeandika hivyo, ukienda sura ya 11 ya waraka huo huo anahesabu: mara tano viboko 39 vya Wayahudi, mara tatu fimbo, mara moja kupigwa mawe, mara tatu kuvunjikiwa na jahazi. Sio mtu wa kukaa kivulini na kuwaambia wenye maumivu wajikaze. Amezipima, upande huu zile dhiki zote, upande huu ule utukufu, ndo akasema nyepesi.

Tukakaa hapo hapo kusoma 1 Wakorintho 15 yote. Sura ndefu, jua kali, hakuna aliyelalamika. Anaanza na mashahidi, Kefa yani Petro, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja na wengi wao wakati huo bado wako hai, maana yake nendeni mkawaulize. Anaendelea, kama Kristo hakufufuka imani yenu ni bure, na kama tumemtumaini kwa maisha haya tu basi sisi ni maskini kuliko watu wote. Nawaomba wahubiri wa siku hizi wausome huo mstari wa 19 polepole, maana mahubiri mengi tunayosikia ni ya maisha haya tu. Na mwisho wa sura anamgeukia mauti mwenyewe anamuuliza usoni, ku wapi kushinda kwako? Mwalimu akasema hii sio hoja tena, huu ni wimbo, mtu amejenga hoja mistari hamsini alafu imemshinda kuendelea kuongea, ameanza kuimba.

IJUMAA, KWENYE FERI

Tumeondoka Pireo, bandari ya Athene, jioni kwenda Patmo, ni safari ya usiku mrefu. Wengine wamelala kwenye viti, mimi usingizi haukuja nikawa nasoma Zaburi kwenye simu mpaka chaji ikakaribia kuisha. Nilikuwa natafuta kitu kimoja. Zaburi ya 6 Daudi anamwambia Mungu, kuzimuni nani atakushukuru? Zaburi ya 115 inasema wafu hawamsifu Bwana. Hezekia alipopona ugonjwa wake, Isaya 38, anasema hivyo hivyo, kuzimu hakukusifu, aliye hai ndiye atakayekusifu. Ni kama wanajadiliana na Mungu: ukiniacha nife, umepoteza mwimbaji.

Zamani mistari hii ilikuwa inanitisha kidogo. Usiku huu nimeipenda. Hawa watu kilichowauma kwenye kifo sio kuacha mali wala jina, kilichowauma ni kwamba wimbo utakatika. Wanapenda kumsifu Mungu kiasi kwamba kaburi ni tatizo kwa sababu hiyo! Na Mungu hakuwajibu kwa maneno siku ile, alijibu Jumapili ya Pasaka asubuhi. Nikamwandikia mwalimu meseji ingawa alikuwa amelala viti viwili mbele yangu, nikamwambia swali la Zaburi ya 6 limejibiwa Ufunuo 7. Akajibu saa tisa usiku, "Kesho tutasimama pale pale lilipojibiwa."

JUMAMOSI, PATMO

Tuliteremka Skala, bandari ya Patmo, kukiwa bado giza. Kisiwa ni kidogo, mawe matupu sehemu nyingi, na juu kileleni kuna monasteri ya Mtakatifu Yohana iko kama ngome, ilianzishwa mwaka 1088 na mtawa Kristodulo baada ya Kaisari Aleksio Komneno kumpa kisiwa chote. Katikati ya njia ya kupanda ndo lipo pango la Ufunuo.

Unashuka ngazi, unapita kanisa dogo la Mtakatifu Ana, alafu mwamba unakuwa dari juu ya kichwa chako, chini kweli, unaweza kuugusa. Kwenye mwamba kuna ufa umegawanyika mara tatu. Kuna shimo dogo limezungushiwa fedha, wanasema Yohana alikuwa anaweka kichwa hapo, na jiwe la mlalo alipoandikia mwanafunzi wake Prokoro, hayo ni mapokeo ya Waorthodoksi. Nafasi ya watu wachache tu, tuliingia kwa zamu.

Mzee aliyefukuziwa kisiwani kwa ajili ya neno la Mungu, kanisa linateswa, wenzake karibu wote wameshakufa. Na anachoonyeshwa kwanza mbinguni ni ibada! Sura ya 4 wanaimba mtakatifu mtakatifu mtakatifu, sura ya 5 wimbo mpya wa Mwanakondoo, ya 7 mkutano mkubwa usiohesabika, wa kila taifa na kabila na lugha, na hapo mimi huwa nasema moyoni na Kiswahili kimo. Ya 15 wimbo wa Musa na wa Mwanakondoo. Ya 19 haleluya mara nne, na Agano Jipya lote neno hilo halipo pengine popote isipokuwa hapo. Wafu wanamsifu Bwana. Wako hai.

Lakini yule mama alituonyesha kitu ambacho sisi wote tulikiruka. Tulikuwa tumekaa nje kwenye ukuta, bahari chini, akasema, "Mbona sura ya 7 inasema Mungu atafuta kila chozi machoni mwao? Si ndo hao hao walioimba mistari ya juu yake?" Tukafungua. Kweli, mstari wa 10 wanapaza sauti ya sifa, mstari wa 17 machozi yanafutwa. Na sura ya 6 roho za waliouawa ziko chini ya madhabahu zinauliza hata lini, Bwana? Yani hata kule swali linaruhusiwa mpaka Mungu akamilishe. Mama akasema, "Basi nilikuwa naimba sawasawa." Akaomba simu ya mwenzake akapiga picha ule ukurasa, akamtumia dada yake.

JUMAPILI, PATMO

Tumehudhuria ibada asubuhi. Lugha hatuielewi lakini walipofika kwenye mtakatifu mtakatifu tulijua tuko wapi, tukaimba moyoni kwa yetu.

Mchana wote umekwenda kwa mabishano ya kwaya. Mwalimu ameanza kutunga wimbo wa Ufunuo 5 na anataka uende kama sura yenyewe inavyokwenda: wanaanza wenye uhai wanne na wazee 24, wanaongezeka malaika elfu elfu, mwisho kila kiumbe mbinguni na duniani na chini ya nchi na baharini, alafu wale wanne tu ndo wanasema Amina. Besi wanalalamika kwamba wamewekwa waingie kwenye "chini ya nchi" na kwamba noti iko chini mno. Sauti ya pili wanataka ile Amina wapewe wao. Mwalimu amekataa, amesema Amina wataimba watu wanne tu, mmoja kila sauti, na wa sauti ya pili ameshamchagua, ni yule mama. Feri ni saa tano usiku, tumekubaliana mazoezi ya kwanza yatafanyika juu ya meli watu wakiwa macho.